Pakiti ya Voss kwa anayerudi kupika bia nyumbani

LalBrew Voss ni hamira kavu ya bia inayotengenezwa na kampuni ya Lallemand. Pakiti ina gramu 11, inatosha lita 20. Sifa yake kubwa ni moja: inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 35 hadi 40 za sentigredi, joto ambalo hamira nyingi za bia zingekuharibia pipa zima. Kwa mtu aliyeweka vyombo vyake stoo miaka mitano au kumi na sasa ameanza kuvipangusa vumbi, hii ndiyo hamira ningemshika mkono akainunue, tena kabla hajanunua kitu kingine chochote.

Sababu ni joto lenyewe. Hamira za kawaida za eli (ale), kama SafAle US-05 ya Fermentis au Nottingham ya Lallemand hao hao, hufurahia nyuzi 18 hadi 20. Ukiziacha zichachue kwenye 28 au 30 hutoa vileo vizito vinavyounguza koo, na bia inanuka kama kiyeyusho cha rangi ya kucha. Kwa hiyo mpishi analazimika kupooza maji ya kimea, yale matamu yanayogeuka bia, mpaka yafike 20, halafu ayalinde hapo wiki nzima au mbili. Hapo ndipo friji ya pili inapoingia nyumbani, kidhibiti joto kinafuata, na mwishowe mtu anachoka.

Kwa Voss kazi ya kupooza inaishia nyuzi 37, na nafuu yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Maji ya kimea yanayotoka jikoni yakichemka hushuka haraka mpaka 40, kisha kila nyuzi moja inayofuata inachukua muda mrefu zaidi ya iliyotangulia, kwa sababu yanakaribia joto la maji ya bomba yanayoyapooza. Pwani, Dar es Salaam au Mombasa, maji ya bomba yenyewe huweza kuwa nyuzi 28. Hapo hufiki 20 bila barafu hata ukimwaga tangi zima. Kufika 37 kwa koili ya shaba inayopitisha maji ya bomba ni suala la dakika chache tu.

Hamira hii asili yake ni Voss, magharibi mwa Norwei. Wakulima wa huko hupika bia ya nyumbani tangu zamani, na hamira yao huiita kveik. Waliikausha kwenye kitambaa au kwenye pete za mbao na kuitunza mpaka upishi unaofuata. Mbegu ya Lallemand ilitoka kwa Sigmund Gjernes, mpishi wa Voss ambaye ameilea hamira yake tangu miaka ya 1980 na ambaye huitia ndani ya maji ya kimea yakiwa karibu nyuzi 39. Kilichomo kwenye pakiti ni aina moja tu iliyotengwa, si mchanganyiko kamili wa shambani, na kwa anayerudi hilo ni jema: matokeo ya leo yatafanana na ya mwezi ujao.

Harufu yake ni ya maganda ya chungwa kwa mbali. Hula asilimia 76 hadi 82 ya sukari, hushuka chini na kushikamana kama matope mazito, na bia hujichuja yenyewe kuliko kwa hamira nyingi. Huhimili kilevi hadi asilimia 12.

Vyombo vya zamani kwanza

Pakiti nzuri haiokoi ndoo chafu. Kabla ya kuwasha jiko, toa kila kitu nje ukikague juani.

Ndoo ya plastiki yenye mikwaruzo ndani itupe. Pitisha ukucha: ukikwama, vijidudu wamejificha humo na hakuna dawa inayowafikia. Mipira ya kunyonyea bia ibadilishe yote bila kuijadili, kwa sababu ndani huota utando usioonekana, na mpira mpya ni bei ndogo. Raba ya kizibo cha kupumulia ikikauka hupasuka. Raba ya bomba la ndoo nayo vilevile. Koili ya shaba iliyogeuka kijani isuguliwe kwa siki mpaka ing'ae. Haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari, itumbukize kwenye maji yaliyosafishwa yenye nyuzi 20. Inapaswa kusoma 1.000, ikisoma 1.003, karatasi ya ndani imeteleza, na utatoa hiyo 0.003 kwenye kila kipimo au ununue nyingine. Wengi hulaumu hamira kwamba imekwama ilhali aliyekosea ni haidromita.

Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zikikaa miaka nje ya friza zinanuka jibini kuukuu. Zitupe. Hopsi kama Cascade, ikiachwa kwenye joto la chumba, huweza kupoteza karibu nusu ya nguvu ya uchungu wake kwa miezi sita, kwa hiyo hata zile ambazo hazijanuka hazina tena hesabu unayoweza kuiamini. Shira ya kimea ya kopo iliyopita muda wake imekuwa nyeusi na ina ladha ya sukari iliyoungua. Kimea kilichokwisha kusagwa kimelala. Hamira ya zamani usiihurumie. Kinachosalimika kwa kawaida ni sufuria, mashine ya kufungia vizibo, na chupa za kioo zisizo na ukungu ulioganda chini.

Kusafisha na kutakasa ni kazi mbili tofauti, na anayerudi husahau ya kwanza. Uchafu uondoke kwanza kwa sodiamu pakaboneti, gramu 5 kwa lita ya maji ya moto, nusu saa, kisha suuza. Ndipo utakase kwa Star San, mililita 1.5 kwa kila lita. Dakika mbili zinatosha, na povu lake halisuuzwi. Chupa yake ya zamani ambayo haijachanganywa na maji bado inafaa. Angalizo moja la usalama: Star San ni asidi. Usiichanganye kamwe na Jik au dawa nyingine yenye klorini, hutoa gesi inayoua.

Upishi wa kupima mkono

Upishi wa kwanza baada ya mapumziko uwe mwepesi, ili kasoro ikitokea ujue imetoka wapi. Kwa lita 20: kimea cheupe cha shayiri kilo 4.4, kimea cha ngano gramu 400, hopsi ya Magnum gramu 20 yenye asidi ya alfa (chanzo cha uchungu) asilimia 12, na Amarillo au Citra gramu 50. Ngano ni ya kushikilia povu. Amarillo na Citra zote zina harufu ya machungwa na hukutana vizuri na ile ya Voss.

Anza na maji lita 28 kwenye sufuria ya lita 35 au zaidi. Kama ni ya bomba, ponda nusu ya kidonge cha Campden ukitie humo, kiondoe klorini. Ukiruka hatua hii bia inaweza kuwa na harufu ya plasta za hospitali, na hakuna namna ya kuitoa tena. Pasha mpaka nyuzi 70, tandika mfuko wa kitambaa ndani ya sufuria, mimina kimea kilichosagwa huku ukikoroga ili pasiwe na madonge. Joto litashuka lenyewe mpaka 67 hivi. Funika, zungushia blanketi, acha saa nzima. Anayejua kukorogea kimea cha ulezi kwa ajili ya mbege au busaa atautambua utamu huu ukipanda ndani ya saa hiyo.

Inua mfuko, uache uchuruzike, ukamue bila woga. Chemsha saa moja. Magnum iingie mwanzo wa kuchemka. Dakika 10 kabla ya kuzima, weka koili ya shaba ndani ichemke nayo, na hapo hapo weka nusu kijiko cha chai cha unga wa chakula cha hamira. Amarillo iingie ukishazima jiko. Kutoka hapo pooza mpaka 37.

Haidromita ipime sampuli iliyopozwa hadi 20, na isome karibu 1.050. Ikipungua mpaka 1.042, mara nyingi kimea kilisagwa kwa chembe kubwa mno. Asiyetaka shughuli ya nafaka safari hii atumie unga wa kimea kilo 2.7 kwa lita 20, atafika hapo hapo, na hiyo si aibu. Ni njia nzuri ya kuijaribu ndoo na hamira peke yake.

Nyunyiza pakiti nzima juu ya maji. Hailazimu kuiloweka wala kuikoroga. Gramu 11 kwa lita 20 ni sawa na gramu 0.55 kwa lita, na Lallemand wanaelekeza nusu gramu hadi gramu moja. Watu wengi wamesikia kwamba kveik hupenda kutiwa kidogo, wanagawa pakiti moja mara tatu. Kwa hamira mbichi yenye nguvu kutoka shambani hilo lina nafasi yake. Kwa pakiti kavu, na kwa mtu ambaye mkono wake umelala, tia yote. Maji ya kimea yakiwa mazito kupita 1.065, tia mbili.

Inachodai

Hapa ndipo pakiti hii inawaangusha watu, na kosa ni la maelezo ya juu juu kwamba Voss haihitaji kudhibitiwa joto. Haihitaji kupozwa, lakini kupashwa inahitaji. Mtu anayeishi Birmingham au Minneapolis akiitia ikiwa 37 kisha aiache ndoo sakafuni kwenye chumba cha nyuzi 18, usiku mmoja unatosha kuishusha chini ya 25. Chini ya hapo hupunguza mwendo au hulala kabisa, na kipimo kinaganda kwenye 1.020. Ifunge ndoo kwa mkanda wa umeme wa wati 30 na blanketi nzito mbili, au iweke ndani ya boksi tupu la kuhifadhia barafu pamoja na chupa za maji ya moto unazobadilisha asubuhi na jioni. Tegesha joto lisipungue 33 kwa siku tatu za mwanzo. Pwani, ndoo iliyozungushiwa blanketi hujipatia joto hilo yenyewe, maana kuchachuka nako huzalisha joto.

Dai la pili ni chakula. Kveik ni mlaji kuliko eli za kawaida. Kimea cha shayiri kina chakula cha kutosha, lakini ukiongeza sukari nyingi au asali, au ukipika bia nyepesi ya 1.035, hamira inakosa naitrojeni, inanuka mayai na kuchelewa kumaliza. Ule unga wa chakula cha hamira, gramu 2 hivi, ununuliwe ule wenye zinki. Ukiukosa, chukua kijiko kikubwa kimoja cha hamira ya mkate, kichemshe pamoja na maji ya kimea dakika 15 za mwisho. Hamira hiyo itakufa, na mizoga yake ndiyo chakula.

Dai la tatu ni nafasi. Povu huanza kupanda ndani ya saa chache, na kwenye 37 hupanda kwa nguvu. Ndoo iwe ya lita 30. Badala ya kizibo cha kupumulia, chomeka mpira mnene unaoishia kwenye jagi la maji yenye dawa. Kizibo kidogo kikizibwa na povu la hopsi, mfuniko unaruka na dari inapata rangi.

Siku ya tatu pima. Ikisoma 1.010 hadi 1.012, zima mkanda, acha mpaka siku ya tano mashapo yatue, kisha pima tena. Vipimo viwili vinavyofanana, vikitenganishwa na saa 24, ndiyo ruhusa ya kujaza chupa. Kimya cha mapovu si ruhusa. Kutoka 1.050 hadi 1.011 ni kilevi cha asilimia 5.1.

Sukari ya chupa: hapa hesabu hubadilika

Jambo hili silioni likisemwa vya kutosha. Bia iliyochachuka baridi inabaki na gesi nyingi ndani yake. Iliyochachuka kwenye 35 imepoteza zaidi. Majedwali ya zamani yaliyo kwenye daftari lako yameandikwa kwa nyuzi 20, na kwa bia ya kawaida yatakuambia gramu 120 za sukari nyeupe kwa lita 20. Kwa Voss iliyofika 35, weka gramu 140. Ukifuata daftari, bia itatoka imepooza na utadhani vizibo vinavuja. Chemsha sukari hiyo kwenye maji kikombe kimoja, iache ipoe, iweke chini ya ndoo safi, kisha nyonya bia juu yake taratibu bila kuirusha, maana hewa ikiingia sasa harufu ya hopsi inageuka karatasi iliyolowa.

Chupa nazo zikae penye joto, 25 hadi 30. Hapo gesi hukamilika kwa siku tano hadi saba. Ukiziweka kwenye kabati la nyuzi 17 subiri wiki tatu. Jaza chupa moja ya plastiki ya soda kama kipimo: ikibonyezeka, bado, ikiwa ngumu kama jiwe, zote ziingie kwenye friji.

Nani asiinunue

Anayetaka bia nyeupe isiyo na harufu yoyote ya hamira, kama lager za kiwandani, Voss haitamfurahisha. Lile chungwa lipo hata likiwa dogo. Huyo aangalie Lutra ya Omega Yeast wa Chicago, ambayo nayo ni kveik lakini hutoka safi zaidi. Bia nyeusi za stout nazo zinapigana na chungwa. Naona US-05 inazifaa zaidi, kama unaweza kuilinda kwenye 19. Wapo pia wanaoonja uchachu mdogo mwishoni mwa kinywaji cha kveik kikiwa kichanga. Wiki mbili kwenye friji huutuliza, na uchungu wa hopsi ukiwa wa kutosha hauonekani.

Upande wa sheria, Marekani imeruhusu upishi wa nyumbani tangu sheria iliyosainiwa na Jimmy Carter mwaka 1978: galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, 200 kwa yenye wawili au zaidi, bila kuuza. Uingereza iliondoa leseni mwaka 1963. Afrika Mashariki ni habari nyingine, sheria za leseni ni kali, kwa hiyo uliza mamlaka za ulipo kabla ya kununua ndoo.

Pakiti isiyofunguliwa ikae kwenye friji chini ya nyuzi 4. Ikifunguliwa, itumie ndani ya siku tatu. Ila faida kubwa ya kveik ni kwamba ukinunua mara moja unaweza kujiwekea ya kwako, kama wafanyavyo Voss. Ukishajaza chupa, chukua vijiko vinne vya mashapo meupe ya krimu kutoka chini ya ndoo, uache yale ya kijani ya hopsi. Yapake kwa wembamba wa karatasi juu ya karatasi ya kuokea iliyotakaswa, funika kwa kitambaa safi, weka kwenye oveni iliyowashwa taa tu, isizidi nyuzi 40. Baada ya siku moja au mbili yanakatika kama maganda makavu. Yavunje, yatie kwenye mfuko usiopitisha hewa, andika tarehe na jina la upishi, weka kwenye friza. Upishi ujao, kijiko kimoja cha chai cha maganda hayo kwa lita 20. Yanuse kwanza: yakinuka mkate na chungwa, tia; yakinuka siki, tupa ufungue pakiti mpya.